Ulinganisho: amri za maandishi, Modbus RTU au pakiti ya COBS kwa vidhibiti vya maabara?

Fundi_Mwanga (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Nina kazi ya maabara ya kupima maji hapa Kigoma, kando ya ziwa. Kuna vidhibiti vinne vya joto, pampu mbili za kudondosha kemikali na kompyuta moja. Chumba cha pampu kipo mbali kidogo, kwa hiyo RS-232 (ya umbali mfupi, vifaa viwili tu) nimeiacha, vyote vitakaa kwenye waya mmoja wa RS-485 (ya umbali mrefu, vifaa vingi), kasi biti 9600 kwa sekunde. Programu za vidhibiti naandika mwenyewe. Nina njia tatu mezani: amri za maandishi, Modbus RTU (lugha ya kawaida ya vifaa vya viwandani), au pakiti yangu yenye COBS (njia ya kuweka mipaka ya pakiti) na CRC (namba ya kukagua makosa). Mngechagua ipi, na kwa nini?

Ujiji485
Modbus RTU. Ipo tangu 1979 na kila fundi atakayekuja baada yako ataikuta anaifahamu.

Reli_ya_Kati (Tabora)
Maandishi yana raha yake, mkuu. Unafungua kompyuta, unaandika amri kwa mkono, unaona jibu. Kwa kifaa kimoja mezani sina ugomvi nayo.

Kwenye waya mrefu unaopita jirani na mota ya pampu, hapo naogopa. Tazama: herufi "3" ni 33 kwa heksa (namba za mfumo wa 16) na "7" ni 37. Tofauti yao ni biti moja tu. Mota ikiwaka wakati mbaya, "WEKA 37" inafika "WEKA 77", na kidhibiti kinatii bila shaka yoyote, kwa sababu 77 nayo ni namba halali. Pariti (biti moja ya ukaguzi kwa kila herufi) ingeikamata hiyo, lakini biti mbili zikigeuka ndani ya herufi moja, pariti inapita kimya. CRC-16 inakamata kila kosa la mfululizo lisilozidi biti 16. Ukipenda maandishi, malizia kila mstari kwa CRC, iandikwe kwa herufi nne za heksa.

Dada_Maabara (Tabora)
Naongeza kwa upande wa mashine za vipimo vya damu. Nyingi zinatumia ASTM, kanuni ya mawasiliano ya mashine za maabara: mashine inaomba nafasi kwa herufi ya ENQ, inatuma fremu (pakiti) yenye namba ya zamu, inasubiri ACK, yaani "nimepokea". Ikipata NAK, yaani "haikufika vizuri", inarudia fremu ileile. Hiyo namba ya zamu inazunguka 0 hadi 7, na kazi yake ni kumwezesha mpokeaji kujua kama fremu ni mpya au imerudiwa. Ndugu Fundi, hizo pampu zako zinahitaji jambo hilo hilo. Ukituma "ongeza mililita 5", pampu ikaongeza, kisha jibu likapotea njiani, kompyuta itarudia na sampuli itapata mililita 10. CRC haikusaidii hapo, pakiti zote mbili ni nzima.

Fundi_Mwanga
Dada, hilo la pampu sikulifikiria kabisa, asante. Modbus RTU ina namba ya zamu?

Ujiji485
Haina, RTU ni anwani, kazi, data na CRC basi. Kusoma rejista moja (nafasi ya kuhifadhi namba) kwenye kifaa namba 1 ni baiti nane: 01 03 00 00 00 01 84 0A. Joto la 37.2 linarudi kama 372, yaani 01 74.

Dawa yake ni kuacha amri za "ongeza". Andika lengo: "jumla tangu sampuli ianze iwe mililita 15". Ikirudiwa mara tatu, jumla bado ni 15.

Kitu cha kuangalia ni ukimya kati ya fremu, angalau muda wa herufi 3.5. Kwa 9600 ni kama milisekunde 4. Adapta za USB hukusanya baiti kabla ya kuzipeleka kwenye programu, kwa hiyo upande wa kompyuta usipime ukimya, hesabu urefu wa jibu unaolitarajia.

Reli_ya_Kati
Na COBS nayo isidharauliwe. Wengi huweka 02 kama alama ya mwanzo halafu wanatuma data ghafi. Kihisi kikitoa 512, baiti zake ni 02 na 00, mpokeaji anadhani pakiti mpya imeanza. COBS inaondoa sifuri zote ndani ya data, sifuri inabaki kuwa mpaka peke yake, na gharama haizidi baiti moja kwa kila 254. SLIP ya 1988, njia nyingine ya kuweka mipaka ya pakiti, inafanya kazi hiyo pia, ila data mbaya inaweza kukaribia kuongezeka maradufu. Ningeichagua COBS kama ungetuma data nyingi mfululizo. Joto na pampu? Modbus.

Fundi_Mwanga
Basi nakwenda na Modbus RTU, na pampu nitaziagiza kwa jumla ya mililita. Umeme ukikatika kompyuta ikazima, hita zifanyeje?

Dada_Maabara
Kidhibiti kisipopata fremu nzima kwa sekunde 10, kizime hita na pampu chenyewe. Umeme ukirudi, kisianze mpaka kiagizwe upya. Usiiachie kompyuta kazi hiyo.

Ujiji485
Na resista za omu 120, za kuzuia mwangwi wa ishara kwenye waya, weka mbili tu, kila ncha ya waya moja. Vifaa vya katikati usiviwekee.