Mjadala: Pesa za utafiti ziende kwa chembe nano za kemo, au kwanza tusogezewe matibabu Lamu?

Abu Mkomani: Asalaam aleikum jamaa. Kuna chembe nano, yaani ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinazobeba dawa ya kansa na kuimwaga zikikuta asidi ya uvimbe. Je, serikali ivipe vyuo vyetu pesa za kuzitafiti? Mimi nasema hapana. Wagonjwa wengi wa huku bado huifuata kemo Malindi au Mombasa. Mtu avuke bahari hadi Mokowe alfajiri, apigwe na basi siku kutwa, akifika apimwe aambiwe damu iko chini, rudi wiki ijayo.

Bint Langoni: Na hiyo damu imeshushwa na nini, Abu, kama si kemo yenyewe? Dawa huzunguka mwili mzima. Doksorubisini, ile dawa ya kemo nyekundu kama sharubati, hudhoofisha hata moyo, ndiyo maana ina kiwango ambacho mgonjwa havuki maishani. Sasa sikiliza. pH ni kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi. pH ya damu ni karibu 7.4. Kwenye uvimbe huweza kushuka hadi kama 6.5, kwa kuwa seli za saratani hula sukari kwa pupa na kutema asidi ya laktiki. Ulafi huo mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aliueleza miaka ya 1920. Seli ikishaimeza chembe, vifuko vya ndani ya seli vina asidi zaidi, pH hufika 5. Kiungo kilichoishikiza dawa kwenye chembe hukatika hapo hapo. Kwenye damu kinatakiwa kisikatike.

Mzee wa Shela: Mwanangu, tumboni si ndiko kwenye asidi tele? Na hawa wanaotuuzia maji ya magadi eti yanaua asidi ya kansa?

Bint Langoni: Shikamoo mzee. Chembe hizi hupitishwa mshipani, asidi ya tumbo haikutani nazo. Magadi ni wizi mtupu: mapafu na figo huishikilia pH ya damu pale pale, unywe usinywe.

Msomi wa Maabara: Bint kaeleza vizuri ila karuka pabaya. Mwaka 2016 watafiti walikusanya tafiti za miaka kumi, nyingi za panya: kiwango cha kati cha chembe zilizofika kwenye uvimbe kilikuwa 0.7% ya zilizodungwa. Nyingi hunaswa na ini na wengu. Kiungo cha asidi kitafaa nini kwa chembe isiyofika?

Abu Mkomani: Asante! Na Doxil, doksorubisini iliyofungwa kwenye vifuko vya mafuta, haiumizi moyo sana na iliidhinishwa Marekani tangu 1995. Nani hapa ameiona kwenye dripu ya jamaa yake?

Bint Langoni: Ni ghali, ndiyo. Lakini kampuni ya India iliigiza dawa hiyo, ikatengeneza nakala yake, na 2013 Marekani ikaipitisha. Huigizi kitu bila watu waliokisomea. Hao utawatoa wapi ukivinyima vyuo?

Abu Mkomani: Basi wapewe pesa waigize hiyo iliyokwisha kuthibitishwa, nitawaunga mkono. Ya asidi, hapana yangu iko pale pale.