Tupeane uzoefu: sikilidi wakubwa na wadogo wenye kugombea himaya katika tangi moja

Ndugu zangu mnaofuga samaki wa mapambo, naomba tukusanye hapa visa vyetu wenyewe kuhusu sikilidi, yaani ile jamaa ya sato, perege, furu na kuhe, pale tunapowaweka wakubwa na wadogo katika tangi moja. Kila mmoja aeleze aliyoyaona kwa macho yake, na ataje ukubwa wa tangi lake, kwa maana ushauri usiotaja lita wala sentimita umenigharimu sana.

Naanza mimi, niliyeko Dar es Salaam. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana wa 40 na kimo cha 50, yaani lita 240 kabla ya kuweka mawe na mchanga. Nilinunua frontosa watano wa sentimita 7 hivi, wale wenye mistari mipana myeusi ambao huota nundu kichwani wakikomaa, nikawachanganya na Cyprichromis kumi na wawili, samaki wembamba wanaoogelea kwa kundi mbali na mawe. Kwa muda wa mwaka na zaidi sikuona ugomvi wowote. Frontosa huenda taratibu kama mzee anayetoka sokoni, na mchana hakumfukuza mtu. Kisha Cyprichromis wakaanza kupungua, kumi na mmoja, tisa, saba, bila mzoga wala pezi lililochanika. Nilimshuku paka, nikamshuku hata mtoto wa jirani, Mungu anisamehe. Alfajiri moja niliamka kutazama pampu ya hewa baada ya umeme kukatika, nikamkuta frontosa mkubwa, aliyekwisha kukaribia sentimita 20, mkia wa Cyprichromis ukimning'inia mdomoni. Baadaye nilijifunza kwamba hata katika Ziwa Tanganyika huwavizia samaki hao hao kunapopambazuka, kabla hawajachangamka. Nilikuwa nimepima nani anamfukuza nani, nikasahau kupima mdomo.

Mchangiaji wa Kigoma

Pole sana, kaka. Kwangu mambo yalikuwa kinyume, kwa kuwa wadogo ndio waliowatesa wakubwa. Tangi langu ni la lita 300, lenye urefu wa sentimita 150. Nilikuwa na Tropheus saba, sikilidi walao mwani, wa sentimita 10, nikawaongezea jozi moja ya brichardi wa sentimita 6 au 7, samaki wa rangi ya maziwa ya chai mwenye mapezi yanayochirizika kama ushungi. Jozi ile ilichagua jiwe moja pembeni, ikazaa, na nikafurahi. Nisichokijua ni kwamba vifaranga wa brichardi hawaondoki nyumbani. Wale wa mzao wa kwanza hubaki kuwalinda wadogo zao wa mzao wa pili, na hao nao huwalinda wa tatu. Kila mzao ulipoongezeka, mpaka ulisogea kwa jiwe moja, hata nikawakuta Tropheus wote wamebanana juu kwenye kona ya hita, mikia imetafunwa, wakiogopa kushuka kula mwani uliokuwa chakula chao. Niliwatoa brichardi wote, na ilinibidi nitoe mawe yote kwanza ili niwapate.

Huku kwetu, kuhe anayeuzwa sokoni anaweza kupita sentimita 60, ilhali jike la wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, multifasciatus, hafiki hata sentimita 4. Wote wawili ni wa ziwa moja na jamaa moja, na wote wawili wanalinda watoto.

Mchangiaji wa Mbamba Bay

Mimi nafuga mbuna, yaani sikilidi wa kwenye mawe wa Ziwa Nyasa, na naona ukubwa wa mwili si jambo la kwanza, bali rangi. Dume humwandama zaidi anayefanana naye kuliko anayemzidi. Katika tangi la lita 400 nilikuwa na dume mmoja wa auratus, aina ya mbuna, mkorofi mno. Nikamtoa nikidhani nimemaliza kazi. Ndani ya siku chache dume wa pili, ambaye siku zote alikuwa amejificha katika rangi ya njano kama majike, aligeuka mweusi akashika kiti. Kilichosaidia ni kuwajaza kiasi, ili hasira ya dume igawanyike, kuweka majike wanne kwa kila dume mmoja, na kupangua mawe yote siku ya kuingiza mgeni, taa zikiwa zimezimwa, ili wenyeji nao waanze upya kutafuta makazi.

Mchangiaji wa Kigoma

Ndugu wa Mbamba Bay, hilo la kuwajaza tusilipeleke kwa kila sikilidi. Brichardi na wanaoishi kwenye makombe hawagawanyi hasira. Ukiwajaza, wanyonge hufa tu, tena wewe unalazimika kubadili maji kila mara.

Mchangiaji aliyezaliwa Uvira, anayeishi Hamburg

Nakubaliana na dada wa Kigoma. Tangi langu la lita 200 lilitulia kwa miaka miwili kwa sababu kila kundi lilikuwa na aina yake ya makazi: mchanga na makombe upande wa kushoto kwa ajili ya multifasciatus, rundo la mawe upande wa kulia kwa ajili ya jozi ya Julidochromis, na maji matupu juu. Vita vilianza siku niliposafisha na kulirudisha jiwe moja karibu na makombe kuliko lilivyokuwa. Pia niliwahi kujaribu dume la callipterus, sikilidi mwingine wa makombe, ambalo linaweza kuwa na uzito mara 12 ya jike wake mwenyewe. Dume hilo hukusanya makombe kwa ajili ya majike, na langu liliyabeba makombe ya multifasciatus pamoja na wenyewe wakiwa ndani. Nililirudisha dukani juma lile lile.

Mwanzilishi

Ahsanteni. Frontosa wangu wamehamia kwa rafiki mwenye tangi la lita 600, na nataka kuweka makombe chini ya wale Cyprichromis waliobaki. Je, kati ya makombe na mawe niache nafasi kiasi gani?

Mchangiaji aliyezaliwa Uvira, anayeishi Hamburg

Kwa tangi lako la sentimita 120, mimi ningeacha sentimita 30 za mchanga mtupu, wenye kina cha sentimita 5 au zaidi. Mawe yakae juu ya kioo chenyewe na si juu ya mchanga, kwa sababu multifasciatus watachimba hadi chini, na jiwe lililokosa msingi huanguka.