Ubao wa mchezo: lazima, pambo, au ndio mchezo wenyewe?

KeteMbili: Wadau, tuko watu wanne, siku nyingine watano, na meza yetu finyu. Natafuta mchezo mmoja wa kudumu nao. Kuna anayesema bila ubao hakuna mchezo, mwingine anasema ubao ni mzigo, karata zinatosha. Mnaonaje?

MzeeWaKimbi: Tofautisha kwanza. Nyoka na ngazi ina miraba 100, lakini ubao ule ni wa kuhesabia tu. Dadu imeshaamua, wewe unasogeza kete kama karani. Sataranji ina miraba 64 na kila mmoja una uzito wake. Farasi akisimama katikati anatishia miraba minane; msukume kwenye kona, inabaki miwili. Farasi ni yuleyule, ubao ndio umembana.

Pembesita: Mbona wapo wanaocheza sataranji wamefumba macho? Ubao uko wapi hapo?

MzeeWaKimbi: Wameuhamishia kichwani, hawajauacha. Jaribu hivyo na bao uone! Mashimo 32, kete 64. Unaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na ukila, kete hazitoki nje, unazipanda upande wako. Shimo ni uwanja, ni ghala, na ndilo daftari la nani anaongoza. Mwaka juzi nililigonga bao kwa kiwiko tukiwa kwenye mtaji, yaani kete za mkononi zimeshaisha, zote zikamwagika sakafuni. Mwenzangu akaapa shimo lake la kichwa, lile la mwisho wa safu ya mbele, lilikuwa na kete tisa. Mimi nasema nne. Hatujaelewana hadi leo.

Dadu_Sita: Mzee, bao ni la watu wawili, mwenzetu kasema wanne watano 😅 Mimi ningempa Carcassonne. Haina ubao wa kuchezea, ina vipande 72 na mnajenga ramani mkiendelea kucheza. Unaweka kipande cha barabara, jirani anaifunga kabla hujafaidi. Tena inachukua hadi watano.

Pembesita: Ramani hiyo hutambaa mpaka ukingoni mwa meza, nakuonya. Catan ina vipande 19 ndani ya fremu, haitambai, na mpangilio hubadilika kila mchezo. Ila seti ya kawaida mwisho watu wanne, wa tano atakuwa mtazamaji.

Msimulizi: Na michezo ya mezani ya kuigiza wahusika je? Dungeons & Dragons ya 1974 huchezwa kwa maneno, karatasi na dadu. Sisi huchora miraba pale tu vita inapoanza, mraba mmoja futi 5. Kabla hatujaanza kuchora, kila mtu alikuwa "nyuma ya mlango" joka likitema moto. Watu sita nyuma ya mlango mmoja!

MzeeWaKimbi: KeteMbili, meza ina ukubwa gani?

KeteMbili: Sentimita 60 kwa 60. Mguu mmoja unatikisika.

MzeeWaKimbi: Karata.