Ubingwa wa magonjwa ya ndani hospitali ya mji mdogo Marekani, ni bingwa kamili au bingwa nusu?

Kipimajoto: Wakuu habari za jumapili. Mdogo wangu kamaliza udaktari hapa Bongo, kapiga ile mitihani yao ya Step (ya leseni ya udaktari Marekani), kapata nafasi Ohio kusomea magonjwa ya ndani, miaka 3, hospitali ya jamii sio ya chuo kikuu. Sasa rafiki yake aliyeko Boston anamwambia hiyo ni zahanati iliyochangamka, akimaliza asahau kusomea moyo. Mi sio daktari. Kuna ukweli au maringo tu?

Sindano ya Jioni: Nimepita njia hiyo hiyo, mimi Pennsylvania. Mtihani wa mwisho wa ubingwa mnafanya mmoja na hao wa Boston. Hospitali ndogo hakuna foleni ya wakubwa wanaosomea moyo na figo mbele yako, mgonjwa akiletwa saa 8 usiku maji yamejaa kwenye mapafu ni wewe na sindano yako, bingwa kasimama nyuma anakuangalia. Akitaka moyo shida ni utafiti, aanze kuandika mwaka wa kwanza, na watu wenye jina wa kumwandikia barua za kumpendekeza ni wachache. Ila angalau huku unalipwa, sio nyumbani unalipa ada halafu unachapa zamu bure.

Raundi Saa Moja: Bure?? Nimesoma MMed (ubingwa wa hapa nyumbani) mshahara wangu wa serikali unaingia kila mwezi. Na wewe mkopo wa Bodi ya Mikopo umelipa? Umesomeshwa kwa jasho la mama ntilie, leo unampima presha bibi wa kizungu halafu unarudi kutucheka.

Sindano ya Jioni: Nimelipa wote, na ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo juu, maana nilimaliza kulipa kabla Mama Samia hajaifuta 2021. Na wasio na ajira ya serikali wanaosoma hapo kwa hela zao umewasahau au hujawahi kuwauliza?

Mtu wa Kondoa: Baba yangu alikuwa na sukari, figo zikaanza kugoma. Tukampeleka hospitali ya mkoa, jina silitaji. Bingwa wa ndani mmoja, na yuko semina. Siku 4 tunaambiwa kesho. Msiniletee habari za Boston.

Tajiri Mtarajiwa: Pole sana mkuu. Ila hapo wa kulaumiwa ni aliyeondoka au aliyempeleka semina aliyebaki? Madokta wamemaliza intani wako Kariakoo wanauza kava za simu wanasubiri ajira.

Raundi Saa Moja: Hao sio mabingwa usichanganye mambo.

Pwani Original: Sisi Kenya 2024 madaktari waligoma siku 56, daktari wa intani serikali ilitaka kumpa elfu 70 ya Kenya kwa mwezi wakati mkataba wa 2017 ulisema laki mbili na ushee. Mtu akienda Ohio simlaumu ng'o.

Raundi Saa Moja: Mkenya kafika, sasa tutafundishwa kugoma.

Chai Rangi: Mnaongea kama kule ni peponi, masaa 80 kwa wiki aisee, na hiyo ni baada ya binti wa mwandishi mmoja kufa hospitalini New York miaka ya tisini, uchovu wa madaktari ukalaumiwa, ndo wakapunguza.

Sindano ya Jioni: Alikufa 1984, kikomo cha 80 nchi nzima ni 2003. Na ni wastani wa wiki 4, kwahiyo wiki moja unapiga 90 na kwenye karatasi uko sawa kabisa.

Tajiri Mtarajiwa: Mbona kama ni viza ya J-1, ile ya mafunzo, akimaliza anatakiwa arudi nyumbani miaka 2, mnagombania nini?

Sindano ya Jioni: Kuna msamaha, ukikubali kufanya kazi miaka 3 sehemu yenye uhaba wa madaktari. Nafasi 30 kila jimbo kwa mwaka.

Mtu wa Kondoa: Kwahiyo uhaba wa kwao unafuta uhaba wa Kondoa. Sawa.

Kipimajoto: Jamani dogo anauliza kuhusu moyo...

Raundi Saa Moja: Mwambie alipe bodi kwanza.

Chai Rangi: Sindano, hivi ukiwa nje kontrol namba ya kulipia mkopo unaipataje? Mi niko Muscat mwaka wa sita sijalipa hata mia.

Sindano ya Jioni: Niliomba mtandaoni nikamtumia dada yangu, akalipia kwenye simu. Njoo inbox.