Tuliuziwa Misali tukapelekwa Kigomasha: malalamiko yangu dhidi ya wakala wa safari za kupiga mbizi Pemba

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimesubiri siku tisa kabla ya kuandika, nikitaraji hasira itapungua na nitaandika kwa utulivu, lakini kila nikiusoma ujumbe wa mwisho niliotumiwa na ofisi hiyo hasira inarudi upya. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu barua yangu bado iko mezani kwao na ninataka wapate nafasi ya kuijibu. Ninachokileta hapa ni jinsi mtu anavyoweza kueleza udhaifu wa mwenzake kwa maandishi, akaulizia kila kitu mapema, akalipa, na bado akapelekwa kule kule alikokataa kwenda.

Mimi ni mzaliwa wa Wete na nimekuwa nikizamia kwa mtungi kwa miaka kadhaa sasa. Mume wangu, Baba Ilham, ni mzaliwa wa Kondoa, na bahari haikumpokea. Roho humchafuka hata chombo kikiwa bado kimefungwa gatini. Huo si woga, na ninaomba wale waliozoea kucheka waache kucheka: sikio la ndani linamwambia mtu kwamba anatikiswa, huku macho yanayotazama sakafu ya boti yakimwambia kwamba ametulia, na mwili unapopokea habari mbili zinazopingana hujibu kwa jasho la baridi, mate mengi na matapishi. Nimewaona wavuvi wa kuzaliwa wakitapika. Tofauti ni kwamba Baba Ilham huanza mapema zaidi na huchelewa kupona.

Kwa hiyo safari ya kupiga mbizi kwa watu wa namna yetu hupangwa kwa kuanzia na upepo, na hoteli hufuata baadaye. Aliyekulia visiwani anajua kwamba kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi hivi, kusi, upepo wa kutoka kusini-mashariki, hushika baada ya hapo mpaka Septemba, na katikati yake ndipo hupatikana maleleji, siku ambazo upepo unageuka na bahari inalala kama sahani. Tungekuwa na hiari tungekwenda wakati wa maleleji ya mwisho wa mwaka. Likizo ya Baba Ilham lakini ilikuwa ni Julai tu, na Julai ni kusi kamili, wala sikujidanganya juu ya hilo. Niliamua kuuzunguka upepo badala ya kuukabili.

Mnemba niliiondoa mara moja, kwa sababu iko mashariki ya Unguja na kusi inaipiga bila ya kizuizi. Matumbawe ya karibu na Mji Mkongwe, kama ya Bawe na Murogo, yangetufaa sana, maana safari yake ni fupi na kisiwa chenyewe kinaukata upepo, lakini tulikuwa tumeahidi kumtembelea mama Wete, na ukweli ni kwamba nilitaka Baba Ilham akione kwa macho yake kile ninachokisimulia kila siku nyumbani. Upande wa magharibi wa Pemba, wakati wa kusi, kisiwa kizima kinakuwa ukuta. Huko ndiko kuliko na kisiwa kidogo cha Misali.

Misali niliichagua kwa sababu moja ambayo wapangaji wa safari hawaifikirii hata kidogo: ina ardhi. Mtu anayelewa bahari anahitaji mahali pa kukanyaga pasipotikisika, wakati mwenzake yuko chini kwa dakika hamsini na kisha akae juu saa nzima kabla ya mbizi ya pili. Saa hiyo ya kungoja ndiyo inayowamaliza watu, kwa kuwa boti haina mwendo, inayumbishwa tu, na moshi wa injini unazunguka pale pale. Misali matumbawe yako karibu na ufuo, msitu wake una kivuli, na eneo lake lilitangazwa kuwa la hifadhi mwaka 1998. Wazee wetu husimulia kwamba Nabii Hidhri alifika pale akawaomba wavuvi mkeka wa kusalia, hawakuwa nao, akasema basi kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa jinsi kilivyoelekea kibla. Nilimwambia Baba Ilham kwamba na yeye atatandika msala wake pale, aswali, alale, aogelee ufukweni kwa miwani akipenda, na mimi nitamkuta pale pale nikitoka majini.

Haya yote niliyaandika kwa wakala mwezi Machi, miezi minne kabla ya safari. Nilieleza kwamba mume wangu analewa bahari vibaya, kwamba tutakwenda Chake Chake kwa ndege na hatutavuka kwa chombo chochote cha baharini, kwamba mbizi zote zitafanyika Misali tukiondokea bandari ya Wesha, na kwamba tutarudi kwa ndege siku ya tatu asubuhi. Walijibu kwamba wamekubali yote, wakaongeza maneno ambayo sasa ninayajua kwa moyo: "Msiwe na wasiwasi, dada, bahari yetu ni shwari mwaka mzima." Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mtu anayeuza safari za baharini Zanzibar na kusema kwamba bahari ni shwari mwaka mzima, ama hajawahi kutoka ofisini, ama anadhani mteja hajawahi kuiona bahari. Nikalipa shilingi milioni moja na laki nane.

Nyumbani tulijitayarisha. Mfamasia alitushauri sinarizini, akasisitiza kwamba imezwe kama saa mbili kabla ya safari, kwa sababu dawa ya kichefuchefu cha safari huzuia na si rahisi iponye kilichokwisha kuanza. Jumamosi moja Baba Ilham aliijaribu akiwa nyumbani ili tuone itamlaza kiasi gani, akasinzia mbele ya televisheni mpaka magharibi. Tukakubaliana kwamba ataitumia siku ya Misali tu, asubuhi, kabla ya kushuka Wesha. Ndege ya nusu saa huwa anaimudu bila dawa.

Siku ya safari tulifika kaunta saa moja asubuhi, tukaambiwa kwamba ndege imejaa. Tiketi zetu, zilizolipwa tangu Machi, hazikuwapo. Badala yake kulikuwa na gari la kutupeleka Nungwi, ambako boti ya faiba ilikuwa inawasubiri wageni wengine wanaokwenda kaskazini ya Pemba, na sisi tungepanda humo. "Dakika arobaini na tano tu, shemeji," kijana wa kaunta alimwambia Baba Ilham, ambaye aliniangalia mimi. Kati ya Unguja na Pemba pana kilomita hamsini hivi, na huko kaskazini walikokuwa wanakwenda wageni wale ni mbali zaidi, kwa sababu unaupita urefu wote wa kisiwa. Nilikataa. Nikaambiwa kwamba nikikataa nimevunja mkataba mwenyewe, na pesa haitarudi.

Kosa langu nalikiri: nilipanda. Mama alikuwa ameshachinja kuku.

Mkondo wa Nungwi hauhitaji kuelezwa kwa Mzanzibari. Sote tunakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander, na tangu siku hiyo wapo watu wa familia yangu wasiovuka kwa bahari abadan. Ukiiacha rasi ya Nungwi unaliacha tuta la kina kifupi ambalo Unguja imekalia, chini kunadidimia mamia ya mita, na mawimbi ya kusi yanaingia kutoka bahari kuu bila ya kisiwa cha kuyakata. Kwa chombo kinachokwenda kaskazini yanakuja ubavuni na kwa nyuma, na boti ikaenda mrama, yaani mrama wenyewe, si ule wa methali. Baba Ilham alikalishwa tezi, yaani nyuma ya chombo, karibu na injini mbili na mapipa ya petroli, kwa sababu katikati paliwekwa mitungi. Mtu yeyote anayejua kazi yake angemweka katikati, mahali ambapo chombo kinatikisika kidogo kuliko kwingine, uso wake ukielekea mbele ili aweze kuutazama upeo wa macho. Alianza kutapika kabla hatujapoteza mnara wa Nungwi machoni. Sinarizini ilikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa chini ya mabegi ya wageni.

Tulikwenda saa tatu na nusu. Tulipofika usawa wa Misali niliiona kwa macho yangu upande wa kulia, ufuo wake mweupe na miti yake, bahari ikiwa imeanza kutulia kwa sababu Pemba ilikuwa imeukata upepo, nikamwomba nahodha atushushe pale. Nahodha aliwapigia simu ofisini. Ofisi ikasema hapana, wageni wamelipia Kigomasha, rasi ya kaskazini ya Pemba.

Ras Kigomasha ni mahali pa ajabu kwa mzamiaji, sitasema vinginevyo. Lakini siku hiyo ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, na maji yetu wakati wa bamvua hupanda na kushuka mita nne hivi, na mkondo ulikuwa unakimbia. Mbizi ya namna hiyo mzamiaji haogelei, anachukuliwa, na boti haiwezi kutia nanga: inabidi ifuate mapovu, injini ikinguruma bila ya mwendo, ubavu ukiwa wazi kwa mawimbi. Kwa anayelewa bahari hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Msaidizi mmoja alitoa kidonge mfukoni, bila ya karatasi wala jina, akampa mtu ambaye alikuwa ametapika mpaka nyongo. Kisha akatoa ushauri: "Shemeji avae mtungi ashuke, chini kumetulia." Kwamba chini kumetulia ni kweli, kwa maana nguvu ya wimbi hupungua kadiri unavyoshuka. Lakini kumshusha kwenye mkondo wa bamvua mtu ambaye hajajifunza kutumia kipumulio, aliyeishiwa maji mwilini na aliyemeza kidonge kisichojulikana, ni kumtafutia kifo. Nilivua mapezi, nikakaa naye. Mbizi zangu mbili nilizozilipia zilipita chini yangu.

Jioni, baada ya makelele, ofisi ilitangaza fidia: tungerudi kwa ndege, na kwa wema wao wametuwahishia safari, kesho yake saa tisa alasiri, mara tu baada ya mbizi mbili za asubuhi Misali. Niliisoma mara tatu. Kampuni inayouza mbizi haijui kwamba mzamiaji hapandi ndege siku ile ile? Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini chini ya mgandamizo wa maji inahitaji muda wa kutoka, na mwongozo unaofundishwa wazamiaji ni kungoja saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kwa sababu ukipanda angani mapema hugeuka mapovu ndani ya mwili. Nilipowaambia, jibu lilikuwa kwamba ndege zetu ni ndogo, zinaruka chini. Sikuzamia Misali. Tulikwenda Wete kwa daladala, Baba Ilham akanywa uji wa mama, akalala saa kumi na moja mfululizo.

Mume wangu ameniomba niandike kwamba nahodha hana kosa. Ni yeye aliyemtoa tezi tulipofika maji ya utulivu, akamlaza kwenye kivuli na kumpa maji kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa. Ninaliandika, kwa sababu ni haki yake.

Nimedai nauli ya ndege ambayo hatukupanda na malipo ya mbizi nne ambazo sikuzipata. Nimedai pia kwamba kila anayewaulizia aambiwe kabla ya kulipa ni upepo gani unaovuma mwezi huo, chombo ni cha aina gani, njia inapita wapi na kwa muda gani, na kama mahali pa mbizi pana ardhi ya kushukia. Ujumbe wao wa mwisho, nilioutaja mwanzoni, ni huu: "Pole dada, mwambie shemeji next time ale ndimu." Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa kaunta kwao na nakala za maandishi yote ya Machi, na jibu lolote watakalonipa nitaliweka hapa kama lilivyo.