Nauli ya shabiki kwenda ugenini itoke mfuko wa nani?

MLETA MADA (Umoja)

Ndugu zangu wa mpira, nina swali, na msimamo wangu nautaja mapema ili asiyekubaliana nami ajue pa kuanzia. Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya Kenya, au klabu yetu ikicheza nje ya nchi, je, serikali iwalipie mashabiki nauli? Mimi nasema hapana. Pesa ya umma isimnunulie shabiki safari, hata kama shabiki mwenyewe ni mimi.

Ubishi huu ulianzia kwenye kibanda tunachotazamia mpira hapa Umoja. Mzee mmoja tunayemheshimu alitukumbusha ya Yanga, klabu ya Tanzania, mwaka 2023, walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Rais Samia alitoa ndege iwapeleke Algiers, wachezaji pamoja na mashabiki. Yanga walikuwa wamefungwa na USM Alger 2-1 Dar es Salaam, wakaenda kule wakashinda 1-0, kombe likawaponyoka kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu (jumla ikilingana, hushinda aliyefunga mengi ugenini). Mzee akauliza, "Sisi Kenya tumepungukiwa na nini?" Nusu ya kibanda ikapiga makofi. Mimi sikupiga.

Nina sababu. Septemba 2024 nilikwenda Kampala kuitazama Kenya ikicheza na Zimbabwe, mechi ya kufuzu AFCON 2025, Kombe la Mataifa ya Afrika. Na ile, jamani, ilikuwa mechi yetu ya nyumbani! Viwanja vyetu vya Nyayo na Kasarani vilikuwa vimefungwa kwa ukarabati, kwa hivyo Kenya ikamkaribisha mgeni wake uwanja wa Namboole, nchi ya jirani. Miezi mitatu kabla ya hapo tulikuwa tumewakaribisha Burundi na Kodivaa huko Lilongwe, Malawi. Mwenyeji anayepokea wageni kwenye sebule ya watu.

Nilipanda basi Alhamisi jioni, mechi ikiwa Ijumaa. Kufika Busia ilikuwa usiku wa manane. Tukashuka sote na baridi ile, tukapanga foleni, kitambulisho mkononi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Pasipoti haihitajiki kuingia Uganda. Tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinatosha, na watu wengi wa hapa Nairobi bado hawajui hilo. Safari nzima, nauli ya kwenda na kurudi, chakula, kitanda cha usiku mmoja na tiketi ya uwanjani, ilinigharimu shilingi elfu tisa na ushei. Nilikuwa nimeziweka kidogo kidogo tangu Juni.

Uwanjani nilikaa na vijana Wakenya wanaosoma vyuo vya Uganda. Walikuwa na ngoma moja na bendera mbili, na sauti zao zilikuwa zimeanza kukauka kabla hata mpira haujaanza. Mbele yetu kidogo palikuwa na kundi lililogharimiwa kila kitu: usafiri, malazi, jezi ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya mfuko. Aliyewalipia simjui. Ninachojua ni kwamba dakika ya sabini, matokeo yakiwa 0-0 na Kenya ikitafuta bao, walisimama mmoja mmoja wakaondoka ili wasikwame kwenye msongamano wa magari. Wale wanafunzi waliimba mpaka mwamuzi alipopuliza kipenga cha mwisho. Tulitoka sare tasa, nami nikatoka nimeumia, lakini si kwa matokeo.

Safari ya bure huwa haimfikii shabiki. Humfikia anayejuana na mwenye orodha. Wala hili si la kubuni: baada ya Olimpiki ya Rio 2016, aliyekuwa waziri wetu wa michezo alitiwa hatiani na mahakama mwaka 2021 kwa matumizi mabaya ya ofisi, na kesi hiyo ilihusu watu watatu wasiostahili waliopelekwa Brazil kwa pesa ya umma. Hao walikuwa watatu. Fikirieni ndege nzima ya "mashabiki".

Na kama kweli serikali ilitaka kumpunguzia shabiki mzigo, ingeharakisha viwanja. Machi 2025 Stars waliporudi Nyayo kucheza na Gabon, tulifungwa 2-1, ndiyo, lakini mimi nilifika kwa matatu na nikarudi kulala kwangu.

Haya, nirekebisheni.

MCHANGIAJI (Kariobangi)

Kaka, nimekusoma mpaka mwisho na sikubali. Wewe ulikuwa na elfu tisa. Mimi nauza mitumba Gikomba, elfu tisa ni bidhaa, ni karo, ni kodi ya nyumba. Na hapo unaongelea Kampala, ambako kitambulisho kinakuvusha. Ongea basi kuhusu Cairo. Pasipoti peke yake sasa ni Sh7,500, hujagusa viza, hujagusa ndege.

Mwaka 2019 Stars walikuwa Misri kwa AFCON. Ile mechi ya Tanzania, tarehe 27 Juni, tuliongozwa mara mbili tukarudi mara mbili, Omolo akafunga, Olunga akafunga mawili, tukashinda 3-2. Niliitazama kwa runinga ya jirani, nikalia. Ningetoa chochote niwe pale. Lakini nilichokuwa nacho cha kutoa hakikutosha, na hakitatosha mwaka huu wala mwaka ujao.

Kwa hesabu yako, ugenini patakuwa pa watu wa mitaa ya kitajiri, Karen na Runda. Wao ndio watakaosema, "Nilikuwepo." Sisi tunaojaza Nyayo tukinyeshewa tutabaki kusimuliwa. Wezi wa orodha washtakiwe, naam, lakini mbona mimi ninyimwe safari kwa sababu kuna mtu aliiba?

MCHANGIAJI (Lang'ata)

Naomba niseme kama mwanamke anayependa Ingwe, yaani klabu ya AFC Leopards, tangu utotoni. Mnajadili nauli, na nauli mimi ninayo. Kinachonizuia ni mengine. Basi la usiku lililojaa wanaume wanaokunywa tangu Nakuru. Kufika mji nisioujua saa kumi na moja alfajiri. Kutojua ni geti gani, tiketi inauzwa wapi, na mechi ikiisha usiku nitarudi vipi nilikofikia.

Nimewahi kujaribu. Tulichanga pesa tukampa mtu aliyejiita mratibu wa safari ya mashabiki, akatuambia tiketi zote anazo. Tulifika tukakuta hana hata moja. Tulizunguka nje ya uwanja mpaka kipindi cha pili ndipo tukaingia, tena kwa huruma ya mlinzi.

Shirikisho la mpira lina uwezo wa kuomba kutengewa viti vya mashabiki wageni kutoka kwa mwenyeji. Litangaze ni viti vingapi, bei gani, geti lipi, na yupo nani pale wa kutupokea. Litoe namba ya ubalozi wetu. Haya hayahitaji ndege ya Rais. Mwaka 2027 AFCON iko kwetu, Uganda na Tanzania, na watu watavuka mipaka hii kwa maelfu. Tukiendelea hivi, mtu ataumia njiani.

MCHANGIAJI (Jericho)

Wanangu, mimi ni mtu mzima, nimeiona 1987. Gor Mahia walikwenda Tunis kucheza na Espérance fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, wakatoka 2-2. Marudiano hapa Nairobi yakawa 1-1. Mabao yale mawili ya Tunis ndiyo yaliyoleta kombe Kenya. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyoleta kombe la Afrika.

Ile ya Tunis niliisikiliza redioni, na nakumbuka kelele zilizokuwa nyuma ya mtangazaji. Zote zilikuwa za kwao. Nilimhurumia kipa wetu. Kwa hivyo mtu akiniambia mashabiki ni anasa, simwelewi. Timu inalipiwa kocha, daktari, hata mtu wa kukanda misuli. Kumi na moja wetu wakisikia "Harambee!" katikati ya watu elfu hamsini, hiyo nayo ni dawa, na dawa ya timu ya taifa hulipiwa na taifa. Hata watu hamsini tu wanatosha.

MLETA MADA (Umoja)

Asanteni. Nimekaa na maneno haya siku mbili kabla ya kujibu.

Mzee wangu wa Jericho, shikamoo. Hoja ya dawa imenigusa, ila swali langu linabaki: ni nani atakayewachagua hao hamsini? Tukilijibu hilo vizuri nitalegeza msimamo. Tukiliacha, hamsini wako watakuwa ni wale wale wanaoondoka dakika ya sabini.

Ndugu yangu wa Kariobangi, kuhusu Cairo umenishinda. Nilikuwa nahesabu safari ya barabara peke yake, na si haki kupima nchi nzima kwa mfuko wangu. Kwa hiyo nabadilisha hivi: kwa safari za basi, yaani Kampala, Arusha, Dar es Salaam, kila mtu ajigharimie. Kwa mashindano ya mbali ambayo timu ya taifa imefuzu, kama ni lazima pesa ya umma itumike, basi ipigwe kura ya bahati nasibu hadharani, miongoni mwa watu walionunua tiketi za mechi za Nyayo na Kasarani, na majina ya walioshinda yatangazwe kabla ndege haijaondoka. Asiwemo mbunge, wala mke wa mbunge, wala afisa yeyote. Bila hayo masharti, msimamo wangu ni ule ule wa hapana.

Na kama ni kuchagua kati ya ndege hiyo na kiwanja kimoja kizuri kule Kakamega au Kisumu, nachagua kiwanja. Hapo sitabadilika.

Dada wa Lang'ata, wewe ndiye uliyesema jambo linaloweza kufanyika kesho asubuhi bila bajeti yoyote. Nimeandika barua kwa shirikisho nikiomba mambo manne kati ya uliyoyataja: idadi ya viti, bei, geti, na mtu wa kutupokea. Nitaileta hapa wenye kutaka kutia sahihi watie. Tena, sisi wa Umoja tuko watano tunaojiwekea akiba ya safari ijayo ya barabara, na wawili wetu ni akina mama. Tunasafiri mchana, hatupandi basi la usiku tena. Nafasi yako ipo.