Mrejesho: rekodi za benki nimezipata, pesa si zote

Shukran sana ndugu zangu. Niliwauliza nifanyeje na benki yangu hapa Mombasa, iliyonikata shilingi 650 kila mwezi kwa "bima ya mkopo" nisiyokumbuka kuiomba. Kila nikienda, njoo kesho.

Nilimfuata aliyesema niache kulalamika mdomoni, niandike barua ya kuomba data zangu kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 26. Nilichapisha nakala mbili. Dada wa kaunta alikataa kugonga muhuri kwenye yangu, nikakaa pale pale jasho likinitoka hadi meneja akatoka. Muhuri ule ndio ulionisaidia. Kanuni zinawapa siku 7, bila malipo. Wao walinyamaza hadi siku ya 12, nilipowaandikia kwamba naenda kwa Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo. Kesho yake bahasha ikawa tayari.

Ndani mlikuwa na taarifa ya akaunti na fomu za mikopo yote miwili. Kumbe ile ya kwanza niliitia sahihi ya bima mwenyewe! Hivyo miezi 12 sina la kusema. Ya pili, kisanduku cha bima kitupu. Wamenirudishia 12,350 za miezi 19.

Rekodi ya simu niliyopigiwa na wakala wao hawajatoa, wanasema haipo. Hiyo nimeipeleka kwa Kamishna.

Aliyenishauri nianze na wakili, samahani mzee wangu, mfuko haukuruhusu.